UZI: Baada ya upasuaji wa jicho – kipi cha kawaida, kipi cha kukimbiza hospitali, na matone yanawekwaje

#1 – MuuguziMacho

Wakuu, uzi huu ni wa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, au anayemuuguza mwenzake nyumbani. Siku ya kuruhusiwa maelezo hutolewa harakaharaka, mgonjwa mwenyewe bado ana ganzi na wasiwasi, akifika nyumbani nusu ya maelezo imeshapotea. Naanza na mtoto wa jicho kwa sababu ndio wengi. Wa presha ya jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) na konea (kioo cha mbele ya jicho) wataongezea.

Kabla ya yote: angalia mwelekeo. Jicho linalopona, leo ni afadhali kuliko jana. Maumivu yanapungua, wekundu unafifia, ukungu unaondoka. Jicho lililokuwa zuri siku ya pili, likaanza kuuma na kuona hafifu siku ya nne, hilo lina tatizo hata kama maumivu yenyewe yanavumilika. Wanaochelewa mara nyingi ni wale wanaosubiri maumivu yawe makali kwanza.

Saa 24 za mwanzo. Kama ulichomwa ganzi ya sindano pembeni ya jicho, kwa saa kadhaa kope inakuwa nzito, jicho halizunguki vizuri na unaweza kuona vitu viwili viwili. Ndiyo maana wanakufunika hadi ganzi iishe au hadi kesho yake: jicho lisilopepesa linakauka, konea inachubuka na wewe husikii kitu. Usiifungue bandeji kuchungulia. Waliowekewa ganzi ya matone peke yake mara nyingi wanatoka na kikinga cha plastiki tu.

Ganzi ikiisha, tegemea haya: kukwaruza kama kuna mchanga, machozi, mwanga kuumiza, uzito kidogo juu ya nyusi. Mtu mzima asiye na tatizo la ini anameza parasetamoli vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, na inatosha. Ikiwa maumivu hayasikii parasetamoli, yanapanda hadi kichwani upande ule, na unatapika usiku wa kwanza, usisubiri miadi ya asubuhi. Mara nyingi hiyo ni presha ya ndani ya jicho imepanda, kwa sababu jeli inayotumika wakati wa upasuaji imebaki kidogo na kuziba njia ya maji. Kwa daktari ni kazi ndogo kuishusha. Kwa mshipa wa fahamu wa jicho, kusubiri ndiko kunakogharimu.

Kuona: mboni ilipanuliwa kwa dawa, inaweza kubaki pana siku moja au mbili, kwa hiyo mwanga utakuwa mkali na maandishi ya karibu hayatasomeka. Kama mtoto wa jicho alikuwa amekomaa na kuwa mgumu, konea huvimba zaidi na ukungu unaweza kukaa wiki moja au mbili. Rangi zitaonekana za bluu kuliko ulivyozoea. Hilo si kosa la lenzi, ni kwamba ile ya zamani ilikuwa imegeuka njano na ilikuwa inachuja bluu miaka yote hiyo.

Doa jekundu la damu kwenye weupe wa jicho linatisha kwenye kioo lakini halina kazi. Linaweza hata kutanuka siku ya pili kabla ya kufifia, likaisha ndani ya wiki 2 hivi.

#2 – Kiziwanda

Asante mkuu. Hapo kwenye matone ndipo watu wanapochanganyikiwa. Chupa tatu, kila moja na saa zake. Ukisahau moja unarudishia mara mbili?

#3 – MfamasiaK

Naomba nilijibu hili kwa kirefu, maana kwenye matone ndiko watu wanakoharibu.

Ukisahau, weka pale ulipokumbuka kisha endelea na ratiba. Usirudishie mara mbili. Kifuko cha chini ya kope hakibebi hata tone moja zima, kwa hiyo la pili linamwagika shavuni tu.

Ratiba hutofautiana kati ya daktari na daktari, fuata karatasi yako. Ila sura yake ya kawaida kwa mtoto wa jicho ni hii: antibiotiki mara 4 kwa siku kwa wiki 1 hadi 2, na steroidi (ya kutuliza uvimbe, kama prednisoloni au deksamethasoni) mara 4 kwa siku ikishushwa taratibu, mathalani wiki ya kwanza mara 4, ya pili mara 3, ya tatu mara 2, ya nne mara 1. Wengine wanaongezewa ya kutuliza uvimbe isiyo steroidi. Antibiotiki inakatwa kwa siku moja, haishushwi. Steroidi inashushwa. Ukiikata ghafla kwa sababu jicho limeshakuwa jeupe, uvimbe wa ndani unarudi siku chache baadaye: mwanga unaanza kuuma tena, kuona kunafifia, na unarudishwa mwanzo wa ratiba.

Namna ya kuweka:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kausha.
2. Tikisa chupa. Dawa yenye rangi ya maziwa, kama prednisoloni nyingi, ni unga unaoelea kwenye maji na unatuama chini. Usipotikisa, wiki za mwanzo unaweka maji matupu, na mwishoni unaweka dawa nzito wakati ulitakiwa uwe unapunguza. Tikisa kwelikweli, sekunde 10 hivi.
3. Kaa ukiegemea au lala chali. Vuta kope ya chini kwa kidole hadi ipatikane mfuko mdogo. Vuta kwa kubonyeza mfupa wa shavu, usiegemeze kidole kwenye jicho lenyewe.
4. Shika chupa juu ya jicho kama sentimita 2, tazama juu, dondosha tone moja. Ncha isiguse kope wala nyusi. Ikigusa, vijidudu vinaingia kwenye chupa na vinakaa humo.
5. Fumba taratibu bila kubana. Ukibana unaisukuma dawa nje.
6. Bonyeza pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika 1 hadi 2. Pale kuna tundu linalopeleka machozi puani. Ukiliziba, dawa inabaki jichoni na ule uchungu kooni unapungua.
7. Subiri dakika 5 kabla ya chupa nyingine. Dawa ya mafuta, kama umepewa, inakuja mwisho kabisa, kwa sababu ikitangulia tone la maji haliwezi kupenya.

Mwenye mkono unaotetemeka aegemeze mkono wa chupa juu ya paji la uso. Asiyeweza kabisa kuacha jicho wazi alale chali, afumbe, adondoshewe tone kwenye pembe ya pua, halafu afumbue: litaingia lenyewe. Asiyejua kama tone limeingia au limepita kando, aweke chupa kwenye friji kama maelezo ya dawa hayakatazi. Tone la baridi linasikika likitua.

Sasa hesabu ambayo watu hawaifanyi. Mililita 1 ni kama matone 20, kwa hiyo chupa ya mililita 5 ina kama matone 100. Kwa mara 4 kwa siku ni siku 25. Chupa ikiisha siku ya kumi, zaidi ya nusu ya matone yanaenda shavuni. Na chupa ikiwa bado nusu wiki ya nne, kuna mtu anaruka dozi.

Chupa ikishafunguliwa ina wiki 4, baada ya hapo itupwe hata kama imebaki. Andika tarehe kwenye lebo siku unayoifungua. Asiyesoma maandishi madogo afunge mpira kwenye shingo ya chupa ya mara 4, nyingine aziache bila mpira. Usiache ijulikane kwa rangi ya kifuniko peke yake, rangi zinafanana sana.

#4 – Lenzi20

Naunga mkono #3 na kuongeza moja: steroidi isiendelezwe kwa kununua chupa nyingine kimyakimya eti "inanipa nafuu". Kuna macho ambayo presha yake hupanda kwa steroidi baada ya wiki chache, bila maumivu, bila wekundu, bila chochote. Hiyo ndiyo sababu miadi ya wiki ya kwanza na ile ya mwezi presha inapimwa hata kama unaona vizuri. Anayeruka miadi kwa kuwa "naona safi" anaruka kipimo ambacho hakina dalili.

#5 – MtazamajiTu

Kuna mdau mtaalamu aliniambia kuinama ni marufuku miezi mitatu, kubeba ndoo marufuku, kuoga kichwa marufuku, kulala ubavu marufuku. Mwingine akasema rudi kazini keshokutwa. Nani mkweli?

#6 – Lenzi20

Wote wawili, kila mmoja kwa enzi yake. Zamani lenzi iliyochafuka ilitolewa nzima kupitia mkato wa milimita 10 au zaidi, ukashonwa nyuzi kadhaa. Jicho la namna hiyo kweli lilikuwa linaweza kufunguka mtu akijikamua. Leo mashine ya mawimbi ya sauti inaivunja lenzi ndani kwa ndani kupitia tundu la milimita 2 hadi 3 linalojifunga lenyewe. Kati yao kuna upasuaji wa mkato mdogo bila mashine, milimita 6 hadi 7, ambao nao mara nyingi haushonwi kwa sababu umechongwa kwa mshazari kama handaki, lakini unahitaji muda zaidi. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni: "Mkato wangu ni wa ukubwa gani, na kuna nyuzi?" Ushauri wa jirani ambaye alishonwa hauhusiani na wewe usiyeshonwa.

Kwa tundu dogo, wengi huruhusiwa hivi: kusoma, simu na televisheni tangu siku ya kwanza, havidhuru kitu, ukichoka pumzika. Kutembea, ndiyo. Kuinama kufunga kamba za viatu haina neno, ila kazi ya kuinamia kwa muda, kichwa kikiwa chini ya kiuno, acha wiki 1 hadi 2. Vitu vizito na mazoezi ya kujikamua, wiki 2. Kwa mkato mkubwa au wenye nyuzi, vuta hiyo iwe wiki 4 hadi 6. Kuogelea hadi wiki 4, na si kwa sababu ya nguvu, ni kwa sababu ya vijidudu vilivyomo majini. Wanja na rangi za kope, wiki 2 hadi 4, na ukianza tena anza na vipya.

Kuoga mwili, kesho yake tu, chini ya shingo. Nywele zioshwe kichwa kikiwa kimeegemea nyuma, mtu mwingine akimwaga maji, ili sabuni isiteremkie usoni kwa wiki 1 au 2.

Kulala: kikinga kinavaliwa usiku kwa wiki moja hivi, kimefungwa kwa plasta kutoka paji la uso hadi shavuni, kingo zikiegemea mfupa. Kazi yake ni moja, kuzuia mkono. Mtu akiwa usingizini anajikuna jicho bila kujua. Lalia mgongo au upande usiopasuliwa.

#7 – MuuguziMacho

Na choo kigumu, wakuu. Watu wanaogopa ndoo, halafu wanajikamua msalani mara mbili kwa siku. Maji ya kutosha, mboga, na ikibidi dawa ya kulainisha. Kikohozi kikali nacho kiripotiwe mapema, kabla ya upasuaji kama kipo.

Tongotongo za asubuhi ni za kawaida siku chache za mwanzo, nyeupe au za njano kidogo, zimekauka kwenye kope. Chemsha maji, yaache yapoe, lowesha pamba safi au kitambaa cha hospitali, kamua, futa mara moja kutoka pembe ya pua kwenda nje, kipande hicho tupa. Mfuto wa pili ni kipande kipya. Zikiloweka zinatoka zenyewe, hakuna haja ya kukwangua. Zikianza kuwa nzito, za kijani, na jicho linagandamana mchana pia, hiyo si tongotongo tena, huo ni usaha.

#8 – Kiziwanda

Hapo kwenye usaha fafanua. Dalili za maambukizi zenyewe zikoje, na huja lini?

#9 – DktKonea

Maambukizi ya ndani ya jicho baada ya upasuaji ni nadra, lakini ndiyo yanayoweza kulimaliza jicho, kwa hiyo nitakuwa mkali kidogo.

Mara nyingi huja kati ya siku ya 2 na ya 7. Yanaweza kuchelewa hadi wiki ya 6. Sura yake: maumivu yanayoongezeka, kuona kunakoshuka, wekundu unaozidi, kope kuvimba, wakati mwingine unaona mstari mweupe umetuama chini ya sehemu ya rangi ya jicho, huo ni usaha. Si wote wanaoumwa sana, na ndiyo maana kuona kunaposhuka peke yake kunatosha kukupeleka hospitali siku hiyohiyo.

Fanya kipimo hiki kila asubuhi kwa wiki mbili za kwanza. Chagua kitu kimoja ukutani, kalenda kwa mfano, simama palepale kila siku, funika jicho ambalo halikupasuliwa kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama kwa lililopasuliwa. Jana ulisoma jina la mwezi, leo huoni hata tarehe kubwa? Ondoka. Usipofunika jicho lingine hutajua, kwa sababu jicho zuri linafidia na ubongo hausemi.

Vidonge vya antibiotiki vya kununua dukani havisaidii hapa. Dawa inayomezwa haifiki ya kutosha ndani ya jicho, hivyo hospitali wanachoma antibiotiki moja kwa moja ndani, na mara nyingine wanasafisha ute wote wa ndani ya jicho. Saa zinahesabika. Mapokezi useme sentensi nzima: "Nilipasuliwa jicho tarehe fulani, tangu leo asubuhi linauma na kuona kumeshuka." Ukisema tu "jicho jekundu" utawekwa kwenye foleni ya macho mekundu.

Dharura nyingine ambazo haziumi kabisa: miali ya mwanga kama radi pembeni, vitu vyeusi vinavyoelea vikiongezeka kwa ghafla, au pazia jeusi linalofunika upande mmoja. Hiyo ni retina inachanika au inabanduka.

#10 – Mshale

Mzee amepasuliwa presha ya jicho, si mtoto wa jicho. Wiki ya tatu sasa, anaona hafifu kuliko kabla na kila wiki anaitwa kliniki. Upasuaji umeshindikana?

#11 – DktKonea

Si lazima, ndugu. Kwanza mzee aelezwe jambo ambalo pengine hakuambiwa waziwazi: upasuaji wa presha ya jicho haurudishi kilichopotea. Unafanywa ili kilichobaki kisiendelee kwenda. Anayetegemea kuona vizuri zaidi atasikitika hata upasuaji ukifanikiwa asilimia mia.

Katika trabekulektomi daktari anatengeneza mlango mdogo kwenye ukuta wa jicho, maji yanatoka na kukusanyika chini ya utando unaofunika weupe wa jicho, nyuma ya kope ya juu. Pale panainuka kilengelenge kidogo. Sasa mwili unauona mlango huo ni kidonda na unataka kuufunga kwa kovu. Huku kwingine tunataka kidonda kipone haraka, huku tunataka kisipone sawasawa. Ndiyo sababu steroidi yake ni nzito, mara nyingi kila baada ya saa 2 mchana kwa wiki za mwanzo, na inashushwa kwa miezi 2 hadi 4. Ukipunguza mwenyewe, kovu linashinda na presha inarudi.

Kliniki ya kila wiki ni ya kurekebisha huo mlango: presha ikiwa juu, nyuzi moja inalegezwa au inakatwa kwa leza, ikiwa chini mno, wanasubiri au wanakaza. Presha ikiwa chini kuona kunayumba siku hadi siku, na wiki 6 hadi 8 za namna hiyo si ajabu. Miwani isipimwe kabla ya miezi 2 au 3.

Na haya mawili kwa mzee: matone ya presha kwenye jicho lililopasuliwa kwa kawaida yanasimamishwa, lakini ya jicho la pili YANAENDELEA. Wengi huacha yote. La pili, kile kilengelenge ni cha maisha, asilisugue jicho hilo tena, na likija kuwa jekundu lenye usaha hata miaka kumi baadaye, aende siku hiyohiyo. Vijidudu vina njia fupi ya kuingia ndani.

#12 – GesiNaMafuta

Nichukue ya retina, maana uzi ukiishia kwenye mtoto wa jicho mtu aliyewekewa gesi atafuata maelekezo ambayo si yake.

Katika vitrektomi ute wa ndani unatolewa, na mahali pake mara nyingi panajazwa gesi au mafuta ya silikoni ili retina ikandamizwe ukutani mpaka mshikamano wa leza ukolee. Hewa ya kawaida inakaa kama wiki moja, gesi iitwayo SF6 kama wiki 2 hadi 3, ile iitwayo C3F8 kama wiki 6 hadi 8. Lazima ujue ipi umewekewa, andika.

Gesi ikiwa imejaa huoni kitu zaidi ya mwanga na mkono unaopita. Inavyonywewa na mwili, sehemu safi inaanza kujitokeza JUU ya unachokiona, ikitenganishwa na mstari unaotikisika ukitembea. Mstari unashuka wiki kwa wiki, mwisho kinabaki kiduara kinachocheza chini, kinaweza kugawanyika viwili vitatu, kisha kinatoweka. Kwa kweli kiputo kiko juu ndani ya jicho, ila jicho hupokea picha kichwa chini miguu juu, kwa hiyo wewe unakiona chini.

Mkao wa kichwa unategemea tundu la retina liko wapi. Gesi hupanda, kwa hiyo kichwa kinawekwa ili tundu liwe juu. Tundu la katikati ya retina ndilo linaloelekeza watu kuinamisha uso chini, kwa kawaida siku 3 hadi 7, mara nyingi dakika 50 za kila saa na 10 za kula, kwenda haja na kuweka matone. Tundu la pembeni lina ubavu wake. Usiige mkao wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Wote wenye gesi wanakubaliana kwenye moja: usilale chali, kiputo kitaegemea lenzi na mboni, presha inapanda.

Marufuku mbili zisizo na mjadala hadi kiputo kiishe kabisa. Ndege, na kupanda milima mirefu hata kwa gari: hewa ya nje ikipungua mgandamizo, gesi inatanuka ndani ya jicho lililofungwa, damu inazuiwa kuingia na unaweza kupofuka angani. Na ganzi yenye gesi ya nitrasi oksaidi, iwe ni ya meno au ya upasuaji mwingine, inaingia kwenye kiputo na kukitanua vilevile. Ule utepe wa mkononi uliopewa usiukate, siku ukipata ajali ukazimia utepe ndio utakaosema.

Mafuta ya silikoni hayatanuki, lakini hayaondoki yenyewe pia. Yanatolewa kwa upasuaji mwingine baada ya miezi kadhaa. Na aliyevuka miaka 50 bado akiwa na lenzi yake ya asili atarajie mtoto wa jicho ndani ya miaka miwili hivi baada ya vitrektomi. Ni kawaida.

#13 – MtazamajiTu

Maumivu ya shingo kwa kuinama je? Wengi wanaacha siku ya pili.

#14 – GesiNaMafuta

Uso ndio unaotakiwa uelekee chini, mgongo si lazima. Kaa kwenye kiti, weka mto mezani, egemeza paji la uso kwenye mikono. Usiku lala kifudifudi mto ukiwa chini ya kifua, uso umening'inia kidogo ukingoni, au ubavu uso ukigeukia godoro. Hakikisha jicho lenyewe halikandamizwi na mto. Badilisha kati ya kukaa na kulala kila saa. Kuna madaktari siku hizi wanapunguza siku za kuinama kwa matundu madogo, kwa hiyo uliza kabla ya kujitesa au kujisamehe.

#15 – DktKonea

Za konea kwa ufupi. LASIK (leza ya kurekebisha konea ili kupunguza miwani): kuungua na machozi kwa saa 4 hadi 6, kesho yake unaona vizuri, halafu ukavu wa miezi 3 hadi 6. Usisugue jicho mwezi mzima, kuna kifuniko cha konea pale kinachoweza kuhama. PRK, leza ya kazi hiyohiyo bila kifuniko, ni kinyume: siku 3 za maumivu ya kweli, lenzi laini ya bandeji inatolewa siku ya 4 au 5, na kuona kunatulia kwa wiki kadhaa. Aliyeondolewa kinyama kinachoota juu ya jicho: wekundu wa wiki 4 hadi 6, nyuzi zinakwaruza, na ajikinge na jua kwa sababu kinyama kinaweza kuota tena.

Aliyepandikizwa konea ana nyuzi mwaka mmoja au zaidi. Uzi ukilegea atasikia kijiti kinachoma kila akipepesa, aende utolewe, usiachwe uwe mlango wa vijidudu. Mwili ukiikataa konea dalili ni nne: wekundu, mwanga kuumiza, kuona kushuka, maumivu. Hata moja ikikaa siku nzima, nenda. Ukiwahiwa, steroidi ya mara kwa mara huweza kuiokoa.

#16 – Kiziwanda

Miwani ya mtoto wa jicho inapimwa lini? Na hiyo ya zamani ivaliwe au itupwe?

#17 – Lenzi20

Tundu dogo, wiki 4 hadi 6. Mkato mkubwa, wiki 6 hadi 8, maana umbo la konea bado linabadilika na utalipia miwani ya mwezi mmoja. Lenzi nyingi zinazowekwa ni za nguvu moja, hupangwa kwa kuona mbali, kwa hiyo miwani ya kusomea utaihitaji, kwa kawaida karibu na +2.50. Kwa muda unaweza kutumia ile ya kusomea ya kununua tayari, haidhuru jicho.

Tabu iko kwa aliyekuwa na miwani mikali, kapasuliwa jicho moja, la pili bado. Tofauti ya macho ikizidi kama dayopta 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya miwani), ubongo unashindwa kuunganisha picha mbili za ukubwa tofauti: kizunguzungu, ngazi zinamhadaa. Mwambie fundi atoe kioo cha upande uliopasuliwa, kama anavumilia, na akiteremka ngazi ashike ukuta. Suluhisho hasa ni jicho la pili lisichelewe.

Mwingine: kuona kulikuwa safi, halafu wiki ya 4 hadi ya 6 katikati panafifia na mistari ya mlango inapinda, bila maumivu. Hiyo ni makula (sehemu ya katikati ya retina) imevimba maji, inawapata zaidi wenye kisukari na walioacha matone mapema. Ina matone yake, usinunue miwani kwanza.

#18 – Mshale

Swali la mwisho kwangu. Hii lenzi ya kupandikiza ina mwisho wa matumizi? Baada ya miaka mitatu mtu anaambiwa "mtoto wa jicho karudi".

#19 – Lenzi20

Lenzi haichakai. Daktari wa macho Harold Ridley aliweka ya kwanza London mwaka 1949, na plastiki aliyoitumia ni ya ukoo ule wa vioo vya ndege za kivita, baada ya kuonekana kwamba vipande vyake vilivyoingia kwenye macho ya marubani vilikuwa vinakaa bila kuleta uvimbe. Na mtoto wa jicho hawezi kurudi, ile lenzi ilishatolewa.

Kinachochafuka ni utando mwembamba wa nyuma ulioachwa kwa makusudi ili ubebe lenzi mpya. Seli zilizobaki pembeni zinatambaa juu yake, miezi au miaka baadaye ukungu unarudi polepole na taa za usiku zinatawanyika. Dawa yake ni leza ya YAG: unapanuliwa mboni, unaweka kidevu kwenye mashine, daktari anatoboa tundu katikati ya utando, dakika chache, bila kisu wala bandeji. Kuona kunasafika siku hiyo au kesho yake. Vijidoa vinavyoelea siku chache ni vipande vya utando. Presha inapimwa kabla hujaondoka au saa chache baadaye, kwa hiyo usikimbilie usafiri, na kwa wiki zinazofuata ile sheria ya miali na pazia ya #9 inakuhusu upya.